DAKTARI LOUISE PEARCE NA DAWA YA MALALE ILIYOYEYUKA KATIKA MAJI

Bismillahi Rrahmani Rrahim



Ndugu zangu Waislamu, wazee wetu, mama zetu na vijana wetu. Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wake, leo karatasi yetu ya Ijumaa inaleta habari za maisha ya mwanamke mmoja, daktari kutoka Marekani, aliyekuja Kongo mwaka 1920 akiwa na dawa mpya ya ugonjwa wa malale. Hakuwa wa dini yetu wala wa nchi yetu. Lakini wazee wetu walitufundisha kwamba elimu yenye manufaa huchukuliwa popote ilipo, na mtu aliyewafaa watu hutajwa kwa wema wake.

Tumemchagua kwa sababu wengi wetu tunadhani dawa ni dawa tu, kwamba ikishatengenezwa inaponya. Sivyo. Dawa inaweza kuwa kali sana mbele ya vimelea vya ugonjwa, na bado isimfae mgonjwa hata kidogo, kwa kuwa haiyeyuki. Dawa isiyoyeyuka haisafiri na damu, na isiposafiri na damu haifiki pale ugonjwa ulipojificha. Na ikiyeyushwa kwa kitu kisichofaa, au ikatolewa kwa kipimo kisicho chake, inageuka kuwa madhara. Maisha ya Daktari Pearce, na mambo yaliyofuata nyuma yake, yanatuonyesha yote hayo.

UGONJWA WENYEWE

Malale huletwa na mbung'o. Aina ya malale iliyo nyingi zaidi Kongo huenezwa na mbung'o wa kando ya maji, wanaokaa kwenye vivuli vya miti ya mtoni. Basi anayepatikana ni mvuvi katika mtumbwi wake, mama anayechota maji, mtoto anayeoga, msafiri anayengoja kivuko. Sisi tunaokaa Kiambi, na Luvua ikipita mbele yetu, hatuhitaji kuelezwa sana jambo hilo.

Mbung'o akiuma huacha vimelea vidogo visivyoonekana kwa macho. Kwanza vimelea hivyo hukaa katika damu na katika tezi. Mtu anashikwa na homa inayokuja na kuondoka, kichwa kinauma, tezi za shingo zinavimba. Hali hiyo inaweza kuchukua miezi, hata miaka. Kisha vimelea huingia katika ubongo na katika maji ya uti wa mgongo. Hapo mtu hubadilika. Analala mchana na kukesha usiku, anasema maneno yasiyoeleweka, anakuwa mkali kwa watu wake au anakaa kimya kama asiyewajua. Asipotibiwa, mwisho wake ni kufa.

Mwanzoni mwa karne iliyopita ugonjwa huu ulifyeka nchi zetu. Uganda, kandokando ya Ziwa Victoria, ulichukua zaidi ya watu 200,000 katika miaka michache. Huku kwetu, Luvua hutoka Ziwa Mweru, na Luapula ndiyo inayoleta maji katika ziwa hilo. Karibu mwaka 1910 Waingereza waliwahamisha kwa amri watu waliokaa upande wao wa Luapula na Mweru, wakaacha mashamba na makaburi ya wazee wao, kwa kuogopa malale. Watawala hawakuwa na dawa ya kutegemea, basi wakawahamisha watu.

KUZALIWA NA MASOMO YAKE

Louise Pearce alizaliwa tarehe 5 Machi 1885 katika mji wa Winchester, jimbo la Massachusetts, Marekani. Alikulia zaidi California, akasoma katika Chuo Kikuu cha Stanford na kumaliza mwaka 1907. Masomo yake yalikuwa juu ya jinsi mwili unavyofanya kazi. Baadaye alisoma udaktari, kwanza Boston, kisha katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, na akapata shahada yake ya udaktari mwaka 1912.

Zama hizo wanawake wachache sana waliruhusiwa kuwa madaktari, na wachache zaidi waliruhusiwa kufanya utafiti. Mwaka 1913 alichukuliwa na Simon Flexner, mkuu wa Taasisi ya Rockefeller mjini New York, kuwa mtafiti. Alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kabisa kupata nafasi ya namna hiyo katika nyumba ile ya elimu. Akapangiwa kazi pamoja na Daktari Wade Hampton Brown. Wawili hao walifanya kazi pamoja karibu miaka thelathini.

DAWA ZILIZOTANGULIA

Ili kuelewa kazi yake, lazima kwanza tujue hali ilivyokuwa kabla yake.

Mwaka 1905 watafiti wa Liverpool, Uingereza, waligundua kwamba dawa iitwayo Atoxyl iliua vimelea vya malale katika wanyama. Dawa hiyo ilikuwa na aseniki ndani yake, sumu ileile inayojulikana kwa kuua panya. Mwaka 1906 na 1907 daktari mkubwa wa Ujerumani, Robert Koch, aliijaribu kwa wagonjwa wengi katika visiwa vya Sese, Ziwa Victoria. Mwanzoni wagonjwa walipata nafuu. Lakini ugonjwa uliporudi, vipimo viliongezwa, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka, wasione tena. Atoxyl ilikuwa inayeyuka vizuri katika maji. Ubaya wake ulikuwa kwamba ilidhuru mishipa ya macho, na mara nyingi haikuwaponya wale ambao ugonjwa ulikwisha kupanda kichwani.

Mjerumani mwingine, Paul Ehrlich, akafuata njia hiyo na kutengeneza mamia ya dawa za aseniki, akitafuta ile itakayoua vimelea bila kumuua mtu. Mwaka 1910 alitoa Salvarsan, dawa ya kaswende. Sifa zake zilienea dunia nzima, lakini kuiandaa kulikuwa na taabu kubwa. Ilikuwa unga wa manjano uliofungwa katika vichupa visivyoingiza hewa, kwa sababu hewa iliuharibu. Ukiutia katika maji, maji yanakuwa makali kama asidi. Daktari alilazimika kuongeza magadi makali tone kwa tone. Kwanza dawa inajikusanya na kuyafanya maji yawe mazito, kisha akiendelea kuongeza inayeyuka tena na maji yanatakata. Akikosea hesabu ya matone, mshipa wa mgonjwa unaungua au mgonjwa anapata hatari kubwa zaidi. Ndiyo maana mwaka 1912 Ehrlich alitoa dawa ya pili, Neosalvarsan. Nguvu yake ya kuponya ilikuwa kidogo kuliko ya kwanza, lakini iliyeyuka kwa urahisi, na madaktari wengi waliipenda kwa sababu hiyo.

Ndugu zangu, hapa pana siri ambayo wengi hawaijui. Chukua vikombe viwili vya maji. Katika kimoja tia chumvi, katika kingine tia mawese. Chumvi inapotea ndani ya maji, na kila tone la maji linakuwa na ladha yake. Mawese yanaelea juu, hata ukikoroga mpaka jioni. Dawa nazo ni hivyohivyo. Nyingine ni ndugu wa chumvi, nyingine ni ndugu wa mawese. Damu yetu sehemu kubwa ni maji, basi dawa ya sindano inataka kuwa kama chumvi. Lakini ubongo umezungushiwa ukuta ambao hauruhusu kila kitu kupita, na zinazopita kwa urahisi zaidi ni zile zenye asili ya mafuta. Mtengenezaji wa dawa ya malale anabanwa pande zote mbili. Ikiwa ya maji sana, inabaki katika damu na kuwaacha vimelea wa kichwani. Ikiwa ya mafuta sana, haiyeyuki katika maji ya sindano.

KAZI YA NEW YORK

Vita kuu ya 1914 hadi 1918 ilizuia dawa za Wajerumani kufika Marekani. Taasisi ya Rockefeller ikaona ni lazima kutengeneza dawa zake yenyewe. Wakemia wawili, Walter Jacobs na Michael Heidelberger, walichukua asidi ya aseniki ambayo ndiyo msingi wa Atoxyl, wakaiunganisha na kipande kingine kidogo ili kupunguza ukali wake kwa mwili. Walichokipata kilikuwa asidi, na asidi za namna hiyo kwa kawaida huyeyuka kidogo tu katika maji. Basi wakaichanganya na soda ili igeuke chumvi. Chumvi hiyo ilikuwa unga mweupe ulioyeyuka katika maji haraka na kwa wingi, bila taabu ile ya kuhesabu matone ya magadi. Wakaipa jina Tryparsamide.

Hiyo ni njia mojawapo katika ufundi wa kuyeyusha dawa, kuigeuza asidi au besi kuwa chumvi. Kwinini yetu ya malaria nayo hufanywa hivyo. Kwinini yenyewe huyeyuka kwa shida, lakini ikigeuzwa kuwa chumvi inayofaa huyeyuka kiasi cha kutosha kutiwa katika serumu.

Kuyeyuka peke yake hakukutosha. Ilibidi kujua kama dawa inaponya, na inadhuru kwa kiasi gani. Kazi hiyo ilikuwa ya Brown na Pearce. Waliijaribu kwa panya na sungura na wanyama wengine walioambukizwa, wakipima kipimo kinachoua vimelea na kipimo kinachomdhuru mnyama, na nafasi iliyopo kati ya hivyo viwili. Waliona kwamba Tryparsamide inaweza kuponya hata maambukizo yaliyokaa muda mrefu. Mwaka 1919 walitangaza matokeo yao kwa maandishi.

SAFARI YA LÉOPOLDVILLE

Baada ya wanyama, ilibaki kujua kwa binadamu. Taasisi ikamchagua Louise Pearce. Mwaka 1920, akiwa na umri wa miaka 35, alisafiri peke yake kuja Kongo, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Wabelgiji. Zama hizo msafiri alivuka bahari kwa meli, akashuka Matadi, kisha akapanda garimoshi hadi Léopoldville, mji tunaouita leo Kinshasa. Mwanamke kusafiri peke yake safari ya namna ile, na kwa kazi ya namna ile, lilikuwa jambo la kushangaza kwa watu wa kwao.

Huko Léopoldville alifanya kazi katika maabara na hospitali ya wagonjwa wa malale. Aliwatibu wagonjwa 77. Wengine walikuwa mwanzoni mwa ugonjwa, wengine ulikwisha kuwapanda kichwani. Kazi ilikwenda kwa utaratibu. Unga ulipimwa, ukayeyushwa katika maji safi, ukatiwa katika mshipa au katika nyama. Kisha damu ilitazamwa tena na tena kwa hadubini, na maji ya mgongo yakatolewa na kutazamwa. Katika siku chache vimelea viliondoka katika damu. Baada ya wiki kadhaa, watu wengi waliokuwa hawawezi kusimama waliamka, wakala, wakawatambua ndugu zao. Hata miongoni mwa wale wa hali mbaya wapo waliopata nafuu kubwa, jambo ambalo Atoxyl ilikuwa inashindwa kulifanya.

Lakini hakuficha upande wa pili. Baadhi ya wagonjwa walianza kuona ukungu machoni, hasa waliopewa dawa nyingi kwa mfululizo. Mwaka 1921, alipotoa taarifa yake, aliandika uponyaji na pia aliandika madhara ya macho, ili watakaokuja nyuma yake wapime kwa hadhari.

Hapa tusimame kidogo. Historia imehifadhi jina la daktari, na majina ya wakemia wake. Majina ya wale 77 hayasomwi katika vitabu. Hao ni watu wa Kongo, waliotoa mishipa yao na migongo yao katika zama ambazo mtu mweusi hakuwa na sauti mbele ya serikali. Kila aliyepona malale kwa dawa ile baada yao ana deni kwao. Tunapomtaja Daktari Pearce, tuwataje na wao, ijapokuwa kwa hesabu yao tu.

MAISHA YAKE YA BAADAYE

Serikali ya Ubelgiji ilimpa nishani ya Taji kwa kazi hiyo, na Tryparsamide ikatumika kwa miaka mingi Kongo na nchi nyingine za Afrika, hasa kwa wagonjwa ambao malale ilikwisha kuingia ubongoni. Marekani na Ulaya ilitumika pia kwa kaswende iliyopanda kichwani, mpaka penisilini ilipokuja.

Yeye mwenyewe alirudi katika maabara. Pamoja na Brown alichunguza kaswende katika sungura, na uvimbe wa saratani waliouona katika sungura mmoja na ambao wakaweza kuupandikiza kwa wengine ili watafiti wausome. Uvimbe huo ulijulikana duniani kwa majina yao wawili. Mwaka 1931 na 1932 alifundisha China. Kuanzia mwaka 1946 hadi 1951 alikuwa mkuu wa chuo cha udaktari cha wanawake cha Pennsylvania, akiwafungulia wasichana mlango ambao yeye alikuta umefungwa nusu. Mwaka 1953 Ubelgiji ilimpa tena tuzo, yeye na wenzake waliotengeneza Tryparsamide. Alifariki Agosti 1959, akiwa na umri wa miaka 74.

MSIBA WA BAFIA

Tungeishia hapo, habari ingekuwa nusu. Dawa njema iliyopimwa vibaya ilileta msiba mkubwa alipokuwa bado hai.

Nchini Kamerun, iliyokuwa chini ya Wafaransa, daktari Eugène Jamot alikuwa akiongoza vikosi vya kupambana na malale. Karibu mwaka 1930, katika eneo la Bafia, daktari mmoja aliyekuwa chini yake alifikiri kwamba kipimo kikiongezwa mara mbili watu watapona haraka zaidi. Watu wapatao 700 wakapata upofu, wengine nusu, wengine kabisa. Walikuja kutafuta uhai wakarudi nyumbani wameshikwa mkono. Dawa ilikuwa ileile, na maji yaleyale. Kilichobadilika ni kipimo tu.

Tuzingatie vilevile kwamba wepesi wa kuyeyuka, uliokuwa sifa ya dawa hii, haukuwa kinga. Kitu kinachoyeyuka kwa urahisi, ni rahisi pia kukitia kingi katika bomba moja la sindano.

DAWA ZILIZOFUATA

Mwaka 1949 ilitangazwa dawa nyingine ya aseniki, iliyotengenezwa na Ernst Friedheim. Jina lake Melarsoprol, na wazee wengi wanaijua kwa jina la Arsobal. Hii ilikuwa ndugu wa mawese. Iliingia ubongoni vizuri kuliko Tryparsamide, lakini katika maji haikuyeyuka. Ikabidi iyeyushwe katika kiowevu kizito kiitwacho propilini glaikoli. Kiowevu hicho kiliunguza mishipa, na dawa ikivuja nje ya mshipa nyama yote inavimba. Iliharibu hata mabomba ya plastiki, ikalazimu kutumia mabomba ya kioo. Waliodungwa walisema ni kama moto unapita mkononi. Na zaidi ya maumivu hayo, karibu mgonjwa mmoja katika kila ishirini aliuawa na dawa yenyewe. Hata hivyo kwa miaka hamsini hiyo ndiyo iliyokuwa tegemeo la wengi, kwa kuwa malale isiyotibiwa haimbakizi mtu. Mwaka 1998 nchi za Afrika ziliandikisha wagonjwa karibu 40,000, na wengi wao walikuwa Kongo hii hii, katika siku za vita.

Baadaye walitokea watafiti waliojaribu kuituliza dawa ileile kwa kuifunga ndani ya vipete vidogo vya sukari viitwavyo siklodekstrini. Ndani ya kipete panapokea dawa yenye asili ya mafuta, nje yake panapatana na maji. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba panya wenye malale ya ubongo walipona kwa kuimeza dawa hiyo iliyofungwa hivyo. Tunaitaja ili tujue kwamba kumbe tabu ya mshipa kuungua haikuwa ndani ya dawa tu, ilikuwa pia ndani ya kile kilichoibeba.

Ikaja Eflornithine, isiyo na aseniki, inayoyeyuka vizuri sana katika maji. Lakini mwili uliitoa upesi, basi mgonjwa alitakiwa kuwekewa serumu mara nne kwa siku kwa siku 14, yaani serumu 56 kwa mtu mmoja. Fikirini kubeba chupa hizo zote kwa baiskeli au kwa mtumbwi mpaka kijijini. Mwaka 2009 ilianza kutumika pamoja na vidonge vya Nifurtimox, na serumu zikapungua hadi 14.

Kisha mwaka 2018 ikapitishwa dawa ya kumeza tu, Fexinidazole. Majaribio yake makubwa yalifanyika hasa hapa Kongo, na aliyeyaongoza ni Mkongomani, Daktari Victor Kande. Vidonge vyake humezwa kwa siku 10, na sharti lake ni kwamba mgonjwa awe amekula. Haiyeyuki vizuri katika maji matupu, na chakula ndicho kinachosaidia tumbo kuipokea. Akimeza na njaa, dawa nyingi inapita bila kuingia katika damu, na vimelea vinabaki. Mwaka huohuo wa 2018 Afrika nzima iliandikisha wagonjwa wasiofika 1,000. Kutoka 40,000 hadi chini ya 1,000 katika miaka ishirini. Alhamdulillahi.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

1. Dawa ya unga ya kudungwa ina maji yake maalumu na kipimo chake. Maji ya mtoni, maji ya bomba, hata maji ya kunywa yaliyochujwa, si maji ya sindano. Yana vijidudu na chumvi zisizoonekana. Anayepita nyumba kwa nyumba na bomba moja, akiyeyusha unga kwa maji yoyote anayoyakuta, anacheza na roho za watu. Sindano ipigwe katika kituo cha afya, na mwenye elimu ya kazi hiyo.

2. Dawa ya mtoto inayouzwa ikiwa unga ndani ya chupa, itiwe maji yaliyochemshwa na kupoa, mpaka kwenye mstari uliochorwa, wala si juu yake wala si chini yake. Mama akiongeza maji ili chupa imtoshe mtoto wa pili, watoto wote wawili wanapata dawa dhaifu, na ugonjwa unajifunza kuizoea. Na kila mara kabla ya kumpa, chupa itikiswe, kwa kuwa dawa nyingi za namna hiyo hazikuyeyuka zote. Zimeelea tu, na zikikaa zinashuka chini. Asiyetikisa anampa mtoto maji matamu siku za kwanza na dawa kali siku za mwisho. Chupa ikitimiza siku zilizoandikwa, isiwekwe kwa ajili ya mwezi ujao.

3. Pakiti ya ORS ya mtoto anayeharisha huyeyushwa katika kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, mara nyingi lita moja kamili. Maji yakipungua, chumvi inazidi na kumdhuru mtoto. Maji yakizidi, nguvu inapotea. Ajuaye kupima mawese na chumvi sokoni bila kumpunja mtu, asishindwe kupima lita moja kwa ajili ya mwanawe.

4. Dawa ya malaria yenye lumefantrine, kama Coartem, imezwe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, kwa sababu ni ndugu wa mawese. Wengi wanaosema dawa haikuwafaa waliimeza kwa maji matupu na tumbo tupu. Kwa dawa nyingine sharti linaweza kuwa kinyume chake. Basi tuulize kwa mganga au kwa muuza dawa aliyesoma, wala tusione haya.

5. Kuzidisha dawa si kuharakisha kupona. Waliopofuka Bafia ni ushahidi. Tena kidonge kisisagwe wala kapsuli isifunguliwe bila kuuliza, kwa sababu vipo vilivyotengenezwa makusudi ili viyeyuke polepole, au viyeyuke baada ya kupita tumboni.

6. Malale haijaisha kabisa. Mwenye homa ya kurudirudi, mwenye tezi za shingo, au mtu wa nyumbani aliyebadilika tabia na kulala mchana, apelekwe akapimwe. Tusimwite mwenye mashetani wala aliyelogwa kabla ya kupimwa damu yake. Na timu za upimaji zikifika kijijini tusikimbilie porini, kama wazee wetu walivyolazimika kufanya walipoogopa sindano za zamani. Dawa za leo si zile za jana.

7. Anayefanya kazi ya kutibu au kuuza dawa, madhara aliyoyaona ayaseme, kama daktari huyu alivyoyaandika ya macho. Kuficha dosari ya bidhaa ni hiana kwa mnunuzi wa kitambaa, sembuse kwa mnunuzi wa dawa. Kipimo ni amana. Asiyepunja katika mizani ya sokoni, asipunje wala asizidishe katika mizani ya uhai.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape elimu na uaminifu wanaotutibu, na atujaalie kuwa wenye kusikia jambo jema na kulifuata.

Ndugu msomaji, karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu ndani yake, usiitupe ovyo. Ukimaliza kusoma, mpe jirani yako, hata asiye Mwislamu, na asiyejua kusoma msomee.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.